Nira ni ya Shingo Mbili: Yoga, Pumzi na Sala Yetu



Vijana wenzangu, leo tuongee kuhusu yoga. Najua kuna waliokwisha kukunja uso, na kuna waliotabasamu kwa sababu wana mkeka wake nyumbani. Wote karibuni.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Linatoka kwenye mzizi *yuj*, wenye maana ya kufunga pamoja, kama mkulima anavyowafunga ng'ombe wawili ili wavute jembe. Kwa hiyo ukitafuta neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na yoga, utafika kwenye nira. Na nira tunayo kwenye Injili. Ipo mwishoni mwa sura ya 11 ya Mathayo: Yesu anawaita waliochoka na kulemewa na mizigo, anawaahidi pumziko, halafu papo hapo anawaambia wajitie nira yake. Jamani, mtu amekuja hoi, anatafuta pa kukaa, wewe unampa kifaa cha kulimia? Mimi nimezaliwa Shinyanga, nira naijua kwa sura: ule mti mzito unaolala shingoni mwa maksai. Sijaona aliyeutazama akakumbuka kupumzika.

Tutarudi kwenye mti huo. Kwanza niwaambie kwa nini nalifikiria jambo hili huku niliko.

Likizo hii nipo Fumba, kwa kaka yangu ambaye ni fundi ujenzi. Kwa wasiopajua, Fumba ni ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, imechomoza baharini kwenye ghuba ya Menai. Boti zinazowapeleka wageni kwenye visiwa vidogo na mafungu ya mchanga huondokea hapa. Kijiji cha wavuvi kipo, na kando yake unajengwa mji mpya wa nyumba za kisasa. Jirani kidogo, pale Bweleo, tangu mwaka 2023 kuna tawi la chuo maarufu cha teknolojia cha India, IIT Madras. Barabara hiyohiyo moja utapishana na mvuvi mwenye nyavu begani, fundi rangi kutoka Tabora, mwanafunzi anayewaza hesabu zake, na mgeni mwenye mkeka wa plastiki umeviringishwa kwapani. Huyo wa mkeka anakwenda yoga. Kwenye hoteli za pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, ndiyo usiseme.

Vijana Wakatoliki tunaokutana kwenye jumuiya huku wengi tumetoka bara kufuata kazi. Na kazi zenyewe ziko kwenye ujenzi na hoteli. Hapo ndipo swali linapoingia nyumbani.

Dada mmoja wa kwaya alinisubiri baada ya jumuiya. Ameniruhusu nilisimulie hili bila jina. Anafanya kazi hotelini. Kila asubuhi hutandika mikeka ya wageni, huweka maji na taulo, kisha husubiri pembeni hadi wamalize. Siku moja bosi wake akamwambia asikae tu, ajifunze, ili baadaye awe msaidizi wa mwalimu, na mshahara utapanda kidogo. Akajifunza. Kisha mtu mmoja wa kikundi cha sala akaziona picha kwenye simu yake, akamwambia amefungulia mapepo mlango. Tangu hapo Jumapili tatu zimepita hajapokea Komunyo. Watu wanapanga mstari, yeye anabaki kwenye benchi anajifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

"Frateri, hivi nimemkana Kristo?"

Kabla sijajibu akaongeza jambo lililonikaa moyoni kuliko lile swali. Alisema hivi: pale kwenye mkeka ndipo mahali pekee ninaponyamaza wiki nzima. Kanisani sinyamazi. Naimba, natoa sadaka, nasikiliza matangazo, naondoka.

Sasa, majibu ya haraka yapo mawili, na yote mawili nayaona ya kivivu. La kwanza: yoga ni ushetani, kimbia. La pili: yoga ni mazoezi tu, acha ushamba. Wa kwanza hajauliza yoga ni nini. Wa pili naye hajauliza. Miaka mitatu ya falsafa inakuchosha kwa mengi, lakini inakuachia tabia moja nzuri: kabla ya kukubali au kukataa, unauliza neno hili lina maana gani kwa wenyewe wanaolitumia.

Wenyewe hawako mbali. Wahindu kutoka Kutch na Gujarat walikuwa wafanyabiashara Unguja kabla babu wa babu zetu hawajaiona bahari. Ukitembea Mji Mkongwe mtaa wa Hurumzi utaliona hekalu lao. Kwa hiyo wageni wa hotelini hawakutuletea kitu kigeni kabisa. Wametuletea kwa mlango wa mbele kitu ambacho majirani zetu walikuwa nacho uani muda mrefu.

Kitabu mama cha yoga ni mafundisho mafupimafupi ya Patanjali, yaliyokusanywa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Patanjali anataja viungo vinane vya njia hiyo. Kiungo cha kwanza si kukunja mguu. Ni maadili: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzitawala tamaa za mwili, kutotamani vya watu. Cha pili ni nidhamu ya nafsi. Ukaaji wa mwili unakuja wa tatu, na anausemea maneno machache sana: uwe imara na usiokutesa. Baada ya hapo inakuja pumzi, kisha kuzirudisha hisia ndani, kuelekeza akili mahali pamoja, kutafakari, na mwisho kuzama kabisa. Ile mikao mingi unayoiona mtandaoni, mtu amesimama kwa kichwa huku bahari ikiwa nyuma yake, kwa sehemu kubwa imepata sura yake ya leo karne ya 20, kwa walimu kama Krishnamacharya aliyefundisha kwenye jumba la mfalme wa Mysore miaka ya 1930. Kwa maneno mengine, yoga ya hotelini mara nyingi ni kiungo kimoja kati ya vinane, kimekatwa na kuwekewa muziki laini. Mhindu mcha Mungu ana haki ya kuona kwamba cha kwake kimefanywa bidhaa.

Na huo mwisho wa safari, kule kuzama, unakupeleka wapi? Kwa Patanjali unakupeleka kwenye hali iitwayo *kaivalya*. Tafsiri yake ni kama kubaki peke yako, kutengana. Ile nafsi inayotazama inatambua kwamba haikuwa mwili, haikuwa mawazo, haikuwa huzuni wala furaha, na inabaki huru, yenyewe tu. Niwe mkweli, India ni kubwa na mapokeo yake ni mengi. Katika Bhagavad Gita kuna njia ya ibada na upendo kwa Mungu, na Patanjali mwenyewe anamtaja Bwana ambaye mtu anaweza kujikabidhi kwake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la *Nostra Aetate* la mwaka 1965, ulisema Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo, na ukawataja Wahindu wanaotafuta kuachana na mahangaiko kwa kujinyima, kwa kutafakari, na kwa kumkimbilia Mungu kwa upendo na tumaini. Hatuna ruhusa ya kuwadharau. Lakini katika ile njia ya Patanjali, mwisho wa safari anabaki mmoja.

Sasa rudi kwenye nira. Mtu wa mjini anaweza asilijue hili: nira haitengenezwi kwa ng'ombe mmoja. Ina nafasi mbili za shingo. Na kule kwetu maksai mchanga asiyejua kulima hafungwi na mchanga mwenzake, wataupindisha mtaro mpaka kwa jirani. Anafungwa na mzoefu. Yule mzoefu ndiye anayejua lini kugeuka, na ndiye anayebeba uzito mkubwa. Mchanga kazi yake ni kwenda hatua kwa hatua na yule wa pembeni, mpaka ajue.

Isome tena Mathayo 11 ukiwa na picha hiyo. Nira ni *yake*. Yesu hasimami nyuma na fimbo akikuswaga. Ameshaingiza shingo yake upande mmoja, nafasi iliyobaki ni ya kwako. Ndiyo maana pumziko na nira vinakaa kwenye sentensi jirani bila kugombana: mzigo umepata mbebaji wa pili. Hapo ndipo naona njia zinapoachana. Ukimya wa Mkristo una mtu upande wa pili. Kuna simulizi, ipo hata kwenye Katekisimu, la mkulima mmoja wa Ars wakati wa Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Alikuwa akikaa muda mrefu mbele ya tabernakulo, midomo haitikisiki. Paroko alipomuuliza anafanya nini, mzee alieleza kwamba yeye humtazama Bwana, na Bwana humtazama yeye. Basi. Mzee yule hakuwa amezama ndani ya nafsi yake. Alikuwa na mgeni.

Halafu kuna suala la mwili. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akifafanua barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 15, anasema jambo ambalo nililipigia mstari mara mbili: roho yangu siyo mimi. Yaani hata roho yangu ikiokoka, kama mwili haukufufuka, bado mimi, frateri huyu mwenye miguu mirefu na meno yaliyopishana, sijaokoka mzima. Kila Jumapili tunakiri ufufuko na wala hatushtuki. Tunakiri kwamba mgongo huu unaouma una miadi na Mungu. Basi Mkristo anayeutunza mwili wake, akaunyoosha, akaupumzisha, hajaenda kwa wapagani. Anatunza kitu ambacho Mungu ana mpango nacho.

Mwaka 1989, tarehe 15 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Teresa wa Avila, Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa barua juu ya tafakari ya Kikristo, imesainiwa na Kardinali Ratzinger. Yoga imetajwa humo. Wanaosema Kanisa limepiga marufuku, na wanaosema Kanisa limeruhusu, wengi wao naona hawajaisoma. Inasema tunaweza kuchukua kilicho chema kutoka njia nyingine mradi sala isipoteze sura yake ya mazungumzo na Mungu. Inasema pia kwamba mazoezi fulani ya mwili huleta yenyewe hali ya utulivu, hata hisia za mwanga na joto, na kwamba ni kosa kubwa kuzichukua hisia hizo kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu.

Hapo tukae kidogo, maana hapa ndipo vijana tunaponaswa, na siyo kwenye yoga tu. Tunanaswa kwenye mikesha, kwenye nyimbo za kuabudu, kwenye mafungo. Nikitulia, nasema Mungu yupo. Nisipotulia, nasema sala haijapanda. Kama utulivu ndio kipimo, basi tupeleke kipimo hicho Gethsemani usiku ule. Yesu anaanguka kifudifudi. Anarudia maneno yaleyale mara tatu. Luka anasema jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Mapigo ya moyo hayakushuka, mabega hayakulegea. Kwa vipimo vya programu za simu zinazokupa nyota kila ukimaliza dakika kumi za kutafakari, sala ile ilishindikana. Na ndiyo sala ambayo wokovu wetu ulipitia. Alipoinuka hakuwa ametulia kwa maana yetu. Alikuwa amekubali. Akaenda kuwaamsha wenzake.

Kwa hiyo yule dada nilimjibuje? Nilianza na hili: mimi si padri, siwezi kumwondolea mtu dhambi wala kumuungamisha, nenda kwa padri. Lakini katekesi naijua. Dhambi ya mauti inahitaji jambo lenyewe liwe zito, ujue kikamilifu kuwa ni zito, na ukubali kwa hiari yako. Kutandika mkeka, kuinama na kunyoosha mgongo, si jambo zito la namna hiyo. Kuna mambo ambayo nilimwambia ayaache bila kuona haya. Asiimbe maneno ya ibada ambayo kwa wenyewe ni jina au sauti ya mungu wao. Ule mfululizo wa mikao unaoitwa salamu kwa jua, Surya ni mungu kwa Wahindu, si jina la mapambo. Anaweza kufanya mkao huohuo bila kutoa salamu hiyo. Nilimwambia hata heshima kwa yule mama Mhindu wa Hurumzi inadai hivyo: sala yake isiwe mazoezi yangu ya kupunguza tumbo, kama mimi nisivyopenda mtu acheze na rozari yangu shingoni kama mkufu. Kuhusu kazi, asiache. Nairobi, tangu mwaka 2007, kuna mradi uitwao Africa Yoga Project uliowafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu, na vijana wamepata riziki. Riziki halali ni riziki halali. Kama bosi atataka aongoze ibada, hapo aseme hapana kwa adabu, na bosi mwenye akili ataelewa.

Jumamosi alikwenda kumwona padri. Waliyozungumza ni yao. Jumapili alipanga mstari.

Lakini lile jambo la pili, la kunyamaza, sikuwa na jibu la haraka nalo, na bado linanisumbua. Maana limetugusa sisi wote. Dada amekosa kimya kanisani akakipata hotelini. Kabla ya kumuuliza alikwenda huko kufanya nini, tujiulize sisi tulimpa nini nyumbani. Maana nyumba yetu haina njaa. Ghala limejaa, tumepoteza ufunguo tu.

Chukua mwili. Wadominiko wa karne ya 13 walituachia maandishi yanayoeleza namna tisa alizosali Mtakatifu Dominiko: ameinama, amelala kifudifudi, amepiga magoti na kuinuka tena na tena, amesimama mikono imefunguka, amenyoosha mikono kama msalaba, ameiinua juu kama mshale, ameketi na kitabu, anatembea. Ukimwona leo pwani ya Paje utasema anafundisha darasa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika *Mazoezi ya Kiroho*, anaacha mtu achague mkao, awe amepiga magoti, amelala chali, ameketi au amesimama, na akipata anachokitafuta katika mkao mmoja, abaki hapohapo, asihamehame.

Chukua uchovu. Eliya, sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza, amekaa chini ya mti jangwani anaomba afe. Leo tungesema ana msongo, na tungekuwa sahihi. Mungu hamuanzii na mahubiri. Anamwacha alale. Malaika anamwamsha, ale mkate, anywe maji. Analala tena. Anaamshwa tena, anakula tena. Mlima wa Horebu na ile sauti ndogo ya utulivu vinakuja baadaye, baada ya siku arobaini za kutembea kwa nguvu ya chakula kile. Thoma wa Akwino naye, akiorodhesha dawa za huzuni katika *Summa*, anataja machozi, marafiki, kuitafakari kweli, na mwishoni, bila aibu yoyote, usingizi na kuoga. Nilicheka darasani. Ila nendeni mkajaribu: kabla ya kusema una jaribu kubwa la kiroho, umelala saa ngapi?

Chukua umakini, huko kuwa hapa na sasa ambako watu wanalipia. Ndugu Laurenti wa Ufufuko, Mkarmeli wa Paris karne ya 17, alikuwa mpishi wa monasteri. Hakuipenda jikoni. Alijifunza kukaa na Mungu katikati ya masufuria, wakati kila mtu anaita anataka kitu chake, kama alivyokaa naye mbele ya Ekaristi. Kijana unayeosha vyombo hotelini Kiwengwa, huyo ni wa kwako. Hakusubiri kimya kije ndipo asali.

Na chukua saa. Hapa Fumba adhana inasikika mara tano kwa siku. Mwenye duka anafunga, anatawadha, anaenda. Mwili wake unainama na kusujudu, hata kama mauzo ndiyo yamechangamka. Naliheshimu sana jambo hilo, na kwa kweli linanipa wivu. Sisi tuna sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, saa sita mchana na jioni, kwa ajili hiyohiyo ya kuikata siku ili Mungu aingie. Mji Mkongwe kuna Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu lililojengwa na wamisionari Wafaransa miaka ya 1890. Huku Fumba hakuna kengele yake inayofika, lakini kila mmoja ana simu mfukoni inayojua kupiga kelele kwa mambo ya kijinga zaidi. Weka saa sita kamili mchana. Ikilia, simama. Kama uko juu ya jukwaa la ujenzi, simama palepale, shika nguzo. Neno alifanyika mwili. Basi acha mwili usimame kwa dakika mbili kwa sababu hiyo.

Nimebakiza pumzi, na hii ndiyo niliyompa dada kama kazi ya nyumbani. Inyasi anaiita namna ya tatu ya kusali. Unachukua sala unayoijua, tuseme Baba Yetu. Kwa kila pumzi moja, neno moja tu. Unavuta hewa na kuitoa, na muda wote huo upo na neno *Baba*. Pumzi inayofuata, *yetu*. Hulazimishi pumzi iwe ndefu, huhesabu, hutafuti kuhisi chochote. Tofauti yake na mazoezi ya pumzi ya mkekani huioni kwa macho, kifua kinapanda na kushuka vilevile. Tofauti ipo kwenye lile neno la kwanza kabisa, kwa sababu huwezi kusema *Baba* ukiwa peke yako. Pumzi yenyewe kwa Mkristo si hewa tupu: ndiyo aliyoipuliza Mungu puani mwa Adamu, na ndiyo Yesu mfufuka aliyowavuvia mitume jioni ile milango ikiwa imefungwa kwa hofu.

Mahali pazuri pa kuanzia ni daladala ya kwenda mjini, kwa sababu huko hakuna atakayejua unafanya nini. Kaa dirishani ukiweza. Zima simu, au iweke chini ya paja. Muziki wa dereva uache upige, konda aache apige kelele, mtoto wa jirani acha akulalie bega. Anza na *Baba* gari linapotoka. Mawazo yatakwenda kwenye kodi ya nyumba, kwenye yule aliyeona ujumbe wako na hajajibu. Ukigundua umeondoka, usijigombeze, rudi kwenye neno ulipoliacha. Bweleo itapita, Kombeni itapita. Kwa mwendo huo sala moja inaweza kuchukua dakika nne, na inaweza kuchukua safari nzima, inategemea umeibiwa na mawazo mara ngapi. Kituo chako kikifika ukiwa bado kwenye mkate, shuka, utaendelea nao wakati wa kurudi.